Nyonga inayouma pembeni: kifuko, kano na kazi ya miezi mitatu

Mwambie mtu mwenye tatizo hili aonyeshe panapouma, ataweka kidole kimoja mahali pamoja: ubavuni mwa nyonga, juu ya mfupa unaojitokeza kama kiganja kimoja chini ya ukingo wa kiuno. Ukipabonyeza anashtuka. Usiku hawezi kulalia upande huo. Akikaa kwenye Coaster kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu, hatua za kwanza akishuka anachechemea, halafu panalegea na anaendelea na safari yake. Ngazi zinamtesa, kupanda mlima kunamtesa, hata kusimama foleni kunamtesa. Maumivu yanashuka pembeni mwa paja, mara nyingine hadi karibu na goti.

Hospitalini ataandikiwa bursitisi ya nyonga, yaani kukerwa na kutuna kwa vifuko vya ute vilivyo pembeni mwa nyonga. Mtaani ataambiwa ni baridi. Nyanda za Juu Kusini baridi ipo kweli, na asubuhi ya Juni au Julai kule Makete na Njombe kiungo chochote chenye hitilafu hukaza zaidi. Lakini baridi haileti tatizo hili, na kujifunika zaidi hakuliondoi. Kinacholileta ni mgandamizo unaorudiwa kila siku mahali palepale, pamoja na misuli ya tako iliyodhoofika au iliyopewa kazi kubwa kwa ghafla. Anayelielewa hilo ataelewa matibabu yote, na ataelewa pia kwa nini kuchomwa sindano za tako mwaka mzima hakujamsaidia.

Ndani ya nyonga kuna nini

Mfupa wa paja, pale unapokaribia kiungo cha nyonga, una nundu kubwa upande wa nje. Ndiyo hiyo unayoigusa. Misuli miwili ya pembeni ya tako, wa kati na mdogo, hushikizwa kwenye nundu hiyo kwa kano, yaani nyuzi imara zinazounganisha msuli na mfupa. Kazi ya misuli hiyo ni kuzuia kiuno kisianguke upande mmoja unaposimama kwa mguu mmoja, na kila hatua unayotembea ni kusimama kwa mguu mmoja kwa muda mfupi. Katika muda huo misuli ya upande ule inaweza kuvuta kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya uzito wako. Mama wa kilo 80 anayetoka Ipogolo kupanda hadi Iringa mjini kwa miguu anaifanya kazi hiyo maelfu ya mara kabla hajafika juu.

Juu ya kano hizo unapita ukanda mpana, mgumu, unaotoka kwenye ukingo wa nyonga na kushuka pembeni mwa paja hadi chini kidogo ya goti. Katikati ya ukanda, kano na mfupa kuna vifuko vidogo bapa vyenye ute mchache wa kuteleza. Hivyo ndivyo bursa. Vipo ili tabaka hizo zipishane bila kukwaruzana. Kifuko kikikerwa, kuta zake hutuna, ute huongezeka, na kila kinapobanwa kinauma.

Kwa miaka mingi lawama zote zilibebeshwa kifuko. Vipimo vya ultrasaundi (picha za mawimbi ya sauti) na MRI (picha za sumaku) vilibadilisha mtazamo huo. Uchunguzi mmoja wa ultrasaundi uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha watu 877 wenye maumivu haya, ulikuta kifuko kilichotuna kwa mtu mmoja tu kati ya watano. Karibu nusu yao walikuwa na kano zilizochakaa. Kwa hiyo kwa watu wengi ugonjwa wenyewe ni wa kano za misuli ya tako, na kifuko, kikiwamo, ni jirani aliyeungua kwa moto wa nyumba ya pili. Hii inabadilisha tiba moja kwa moja: kifuko unaweza kukituliza kwa dawa, ila kano iliyochakaa hurudi katika hali yake kwa kupunguziwa mgandamizo na kuzoeshwa mzigo kidogo kidogo.

Mgandamizo hutokeaje? Paja linapoingia ndani kuelekea mguu wa pili, yaani unapokunja nne, unapokaa na magoti yamebanana, au unaposimama na kuegemea nyonga moja, ukanda wa nje hukazika na kuzibana kano na vifuko juu ya nundu. Kadiri paja linavyovuka zaidi, ndivyo panavyobanwa zaidi. Shika jambo hilo moja, mengine yatajieleza.

Nani huumia

Wengi ni wanawake wa miaka 40 hadi 60, hasa karibu na kukoma hedhi. Uzito mkubwa unachangia, kama ilivyo kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu, kuchakaa kwa goti kunakomfanya mtu atembee kwa kuyumba, au miguu kuzidiana urefu. Kuanguka na kupigiza ubavu wa nyonga nako kunaweza kuanzisha, kama pale pikipiki inapoteleza kwenye utelezi wa masika na mtu akatua kwa upande.

Lakini sababu ninayotaka msomaji wa huku aitafute kwanza kwenye maisha yake ni ongezeko la ghafla la kazi. Miezi miwili hakuna shamba, halafu wiki moja ya kuvuna viazi Uporoto, siku nzima kwenye mteremko, na jioni mzigo kichwani. Au mtu aliyeamua kuanza kukimbia, akaanza na kilomita 5 kila asubuhi kwenye ukingo wa lami ulioinama. Ukikatisha mteremko, mguu wa upande wa juu hufanya kazi kama mguu mrefu, nyonga yake inasogea nje na paja lake linaingia ndani, mgandamizo uleule. Wachumaji wa chai wa Mufindi na Rungwe hushinda siku nzima kwenye miteremko ya namna hiyo.

Kujipima, na magonjwa yanayofanana nalo

Jaribu mambo mawili nyumbani. La kwanza, lala kwa upande usiouma, kunja magoti kidogo, kisha bonyeza nundu kwa kidole, kwanza ya upande unaouma, halafu geuka ulinganishe na ya pili. Maumivu unayoyajua yakitokea palepale, ni dalili muhimu. La pili, simama kwa mguu unaouma peke yake, ncha ya kidole ikigusa ukuta ili usiyumbe, ukae hivyo sekunde 30. Maumivu ya pembeni mwa nyonga yakija kabla ya sekunde hizo kwisha, huku na kubonyeza kunauma, uwezekano ni mkubwa kwamba ni tatizo hili. Kubonyeza peke yake hakutoshi, kwa sababu watu wengi wazima wakibonyezwa hapo husikia maumivu kiasi.

Sasa yale yanayochanganya. Kiungo chenyewe cha nyonga kikichakaa, maumivu huwa zaidi mbele, kwenye kinena, na mtu huonyesha kwa kushika nyonga kwa mkono mzima, gumba nyuma na vidole mbele. Huyo kuvaa soksi au kufunga kamba za viatu ni kazi, maana nyonga imekakamaa. Mwenye tatizo la pembeni kwa kawaida anavaa soksi vizuri. Mshipa wa fahamu uliobanwa mgongoni huleta maumivu yanayopita goti hadi unyayoni, pamoja na ganzi au kuchomachoma. Ganzi au moto juu ya ngozi ya paja upande wa nje, bila maumivu ya kubonyeza nundu, mara nyingi ni mshipa wa ngozi uliobanwa karibu na kinena. Mkanda unaobana au kitenge kilichokazwa sana kiunoni kinaweza kuwa chanzo, na kulegeza tu kukawa nafuu.

Mwenye selimundu, aliyetumia vidonge vya steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe, kama prednisoloni) kwa muda mrefu, au anayekunywa pombe kali nyingi kwa miaka, asijihesabu kuwa na bursitisi kabla ya kupigwa eksirei. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu, na mwanzoni maumivu hayatofautiani sana. Kifua kikuu nacho huingia kwenye mifupa na vifuko vya nyonga. Hutokea mara chache, lakini katika nchi yenye kifua kikuu mganga anapaswa kukikumbuka akiona uvimbe unaokua taratibu, jasho la usiku, kupungua uzito au kidonda kinachotoa usaha kisichofunga.

Nenda hospitali siku hiyohiyo kama umeanguka na huwezi kukanyagia mguu, kama pana joto, wekundu na homa, au kama umeanza ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo. Mzee aliyeanguka akabaki na maumivu ya kinena asichuliwe, apigwe picha.

Kwa tatizo la kawaida la pembeni, eksirei haionyeshi kifuko wala kano. Thamani yake ni kuondoa shaka juu ya mfupa na kiungo. Ultrasaundi ikifanywa na mtu aliyezoea misuli na kano inasaidia, ila si lazima ndipo matibabu yaanze. Mganga mwenye mikono makini anaweza kulitambua bila picha yoyote.

Kwanza ondoa mgandamizo

Hapa ndipo watu wengi hushindwa, kwa sababu hakuna dawa ya kununua. Anameza vidonge mchana, usiku analala kwa muda wa saa nane akiwa ameibana kano ileile.

Kulala. Lala chali, mto chini ya magoti. Kama huwezi kulala chali, lala upande usiouma na uweke mto mnene, au blanketi lililokunjwa, kati ya miguu. Uanzie gotini ufike hadi kifundo cha mguu, na uwe mnene kiasi cha kuufanya mguu wa juu uwe sambamba na nyonga. Kosa la kawaida ni kuweka mto mdogo kati ya magoti tu, unyayo ukaanguka mbele na paja likavuka mwili. Hapo upande unaouma, ingawa uko juu, unabanwa na ukanda wake mwenyewe. Godoro likiwa jembamba au limebonyea, tandika blanketi mbili nene chini ya shuka, ili hata ukigeuka usingizini nundu isigonge ubao.

Kukaa. Usikunje nne, wala usikae magoti yamebanana. Nyayo chini, magoti yaachane upana wa nyonga, na kiti kiwe na kimo cha kuweka nyonga juu kidogo ya magoti. Kigoda kifupi cha jikoni kinaumiza. Tafuta kiti cha kawaida, au inua meza ya kazi. Msibani, kwenye mkeka, wanawake wengi hukaa na miguu yote imekunjiwa upande mmoja. Kwa nyonga inayougua hakuna mkao mbaya kuliko huo, na watu hukaa hivyo siku mbili tatu. Nyoosha miguu mbele ukiegemea ukuta, au omba kiti. Atakayeuliza aelezwe kuwa ni mgonjwa. Kwenye choo cha shimo, weka nyayo mbali na magoti yaangalie nje, na uwe na kitu cha kushika unapoinuka.

Kusimama. Muuza nguo wa Mwanjelwa anayesimama tangu asubuhi ameangushia uzito mguu mmoja anaiumiza nyonga kama mkulima wa mteremkoni. Gawa uzito miguu yote miwili. Mtoto mbebe mgongoni, katikati, na si kumkalisha ubavuni.

Bodaboda. Kukaa kwa upande huku miguu imepandana kunabana, na kurusha mguu juu ya kiti kunavuta. Kwa wiki za mwanzo panda bajaji ukiweza. Kwenye daladala, nafasi ukipata, nyoosha mguu kila baada ya nusu saa.

Kubeba. Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20. Likiwa kichwani, nyonga zote mbili zinaongezewa kazi kila hatua. Gawa, lita 10 kila mkono. Ukilazimika kubeba kwa mkono mmoja, beba kwa mkono wa upande ule ule unaouma. Wengi hufanya kinyume wakidhani wanaupumzisha, kumbe wanauongezea. Sababu ni hii: ukisimama kwa mguu unaouma, mwili unataka kuangukia upande wa pili na misuli ya nyonga inauzuia. Mzigo ukiwa mkono wa pili unavuta kulekule mwili unakotaka kuangukia, misuli inalazimika kukaza zaidi. Ukiwa upande wa ugonjwa unasaidia kusawazisha. Fimbo nayo ni kinyume cha mzigo: ishike kwa mkono wa upande usiouma, iende mbele pamoja na mguu unaouma. Kimo chake, ukiwa umevaa viatu na mkono umening'inia, kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono.

Usiache kutembea kabisa. Kano isiyopewa kazi inazidi kudhoofika. Punguza tu: safari mbili fupi badala ya moja ndefu, njia ya tambarare hata kama inazunguka, hatua fupi kwenye mlima.

Dawa, barafu na kuchuliwa

Wiki ya kwanza au mbili, kama panauma kwa ukali, gandisha maji kwenye chupa ndogo ya plastiki, ifunge kwa taulo na uiweke pembeni mwa nyonga dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Usiiweke kwenye ngozi tupu, na usiilalie. Kama maumivu ni ya muda mrefu na barafu inakukera, tumia chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa nguo. Joto hutuliza misuli, tena halina madhara hapa.

Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa 6, isizidi vidonge 8 kwa saa 24 kwa mtu mzima mwenye ini zima. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, siku 5 hadi 7, kisha pumzika. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo au shinikizo la damu, mjamzito, na mwenye pumu inayochochewa na dawa hizi, asitumie ibuprofeni wala diklofenaki bila kuongea na mganga. Hatari inaongezeka kwa wanaomeza dawa za shinikizo pamoja na za kuongeza mkojo, maana figo hupata pigo la dawa tatu kwa pamoja.

Sindano ya diklofenaki ya tako nitaisema wazi kwa sababu inatumiwa mno. Haiendi kwenye kifuko. Inaingia kwenye damu na kufanya kazi ileile ya kidonge, nafuu ya saa kadhaa, na ikichomwa vibaya inaweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu unaopita kwenye tako, mtu akabaki anaburuza mguu. Hakuna sababu ya kuirudia wiki baada ya wiki. Sindano za deksamethasoni zinazochomwa kiholela ni mbaya zaidi: zinapandisha sukari, zinaficha maambukizi, na zikizoeleka zinadhoofisha mifupa.

Kuchuliwa kwa nguvu juu ya nundu ni kubana kilichokwisha kubanwa. Nyama ya tako, nyuma ya nundu, inaweza kusuguliwa taratibu kwa mafuta, ila mfupa wenyewe uachwe. Hali kadhalika, acha ile kunyoosha ambayo watu wa mazoezi huipenda, ya kuvuta goti kuelekea bega la upande wa pili au kupitisha mguu nyuma ya mwenzake. Unasikia panavutika, unaona kama panapona, usiku panauma maradufu.

Mazoezi, hatua kwa hatua

Hii ndiyo tiba yenyewe. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Australia uliowagawa watu 204 wenye tatizo hili makundi matatu: walioelekezwa namna ya kuishi nalo na kupewa mazoezi, waliochomwa sindano moja ya steroidi, na walioachwa kungoja. Baada ya wiki 8, waliosema wamepata nafuu nzuri walikuwa takribani 77 kwa kila 100 kwenye mazoezi, 58 kwenye sindano, na 29 kwa waliongoja. Baada ya mwaka mzima mazoezi yalibaki juu, 79, na sindano 58, ikiwa imekaribiana na waliongoja, 52. Sioni sababu ya kuanza na kitu kingine.

Kipimo cha maumivu kiwe 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, 3 au 4 yanavumilika. Kinachoamua ni usiku unaofuata na asubuhi yake. Ukiamka na maumivu kuliko ya jana, punguza idadi kwa nusu siku inayofuata. Usiache.

Wiki mbili za kwanza, lala chali, mto chini ya magoti, nyayo zimeachana upana wa nyonga. Funga kanga kuzunguka mapaja yote mawili juu kidogo ya magoti, ikaze bila kuyasogeza magoti pamoja. Sukuma mapaja nje dhidi ya kanga kwa nguvu ndogo, robo ya uwezo wako, mpaka usikie pembeni mwa tako pamekaza. Shikilia sekunde 10 hadi 15, legeza, rudia mara 5 hadi 10, asubuhi na kabla ya kulala. Miguu haiendi popote, misuli tu ndiyo inayokaza. Kosa hapa ni kusukuma kwa nguvu zote, kano inachokozwa, na kubana pumzi. Watu wengi huona maumivu yakipungua mara baada ya zoezi hili, ndiyo maana linafaa pia saa nane usiku ukiamshwa nayo.

Kanga ikizoeleka, ongeza zoezi liitwalo daraja: chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, inua tako mpaka mabega, nyonga na magoti viwe mstari mmoja. Kaa sekunde 5, shuka taratibu. Mara 10, pumzika, mara 10 tena. Nyama ya nyuma ya paja ikikamatwa na mkakamao, nyayo zako ziko mbali, zisogeze karibu na tako. Magoti yasiangukiane.

Kuanzia wiki ya tatu ongeza kuinuka kwenye kiti. Kiti cha sentimita 45 kinatosha, kikiwa kirefu zaidi mwanzoni ni rahisi. Inuka bila mikono, kisha shuka ukihesabu hadi tatu. Mara 8 hadi 10, mizunguko mitatu. Mtu aangalie kama unaegemea mguu usiouma. Karibu kila mgonjwa huegemea bila kujua, na akifanya hivyo zoezi linaunufaisha mguu usiougua. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu, lisiingie ndani.

Kutembea kwa upande: simama ukitazama ukuta, magoti yamelegea kidogo, piga hatua pana 10 kulia na 10 kushoto, nyayo zisikutane. Ikiwa nyepesi, kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, ufunge juu ya magoti.

Wiki ya sita hivi, ngazi. Tofali la saruji la inchi 6 likilazwa kwenye sakafu iliyo sawa lina kimo cha sentimita 15, na hicho ndicho kimo kizuri cha kuanzia. Weka mguu unaougua juu, panda, shuka taratibu kwa mguu usiouma. Mara 8, mizunguko mitatu. Weka mikono kwenye ncha za nyonga usikie: kiuno kikiinama upande mmoja kila unapopanda, misuli haijawa tayari, rudi kwenye kiti wiki moja zaidi. Hili ndilo zoezi linalopima kama utaweza mlima, na ndilo linaloharakishwa kuliko yote.

Zoezi la kanga ni la kila siku. Mengine ni siku tatu kwa wiki, kwa kupishanisha, kwa sababu kano huhitaji siku ya kupumzika kati ya mzigo na mzigo. Nafuu ya kwanza, hasa usingizi, huja wiki ya tatu au ya nne. Nguvu huja wiki ya 8 hadi 12. Anayeacha wiki ya tano kwa sababu amepona kwa kawaida hurudi na maumivu yaleyale.

Sindano ya kwenye nundu na upasuaji

Sindano ya steroidi inayochomwa mahali penyewe ni kitu tofauti na zile za tako. Nafasi yake ni pale maumivu yanapomnyima mtu usingizi kiasi cha kushindwa kuanza mazoezi. Kwa kawaida ni methiliprednisoloni au triamsinoloni miligramu 40 pamoja na dawa ya ganzi, ichomwe na daktari aliyezoea, kwa usafi kamili, na kwa mtu mnene sindano ndefu inahitajika, la sivyo dawa inaishia kwenye mafuta. Ikiishia juu karibu na ngozi inaweza kuacha weupe na shimo. Siku moja au mbili za mwanzo maumivu yanaweza kupanda. Mwenye kisukari apime sukari kila siku kwa wiki moja au zaidi, maana hupanda. Nafuu hudumu wiki kadhaa hadi miezi mitatu, na muda huo ndio wa kufanya mazoezi. Kuirudia mara kwa mara kunadhoofisha kano, kwa hiyo daktari anayekataa ya nne ndani ya mwaka anakutetea.

Upasuaji wa kuondoa kifuko au kushona kano iliyochanika hufikiriwa baada ya miezi 6 hadi 12 ya tiba iliyofuatwa kweli. Mtu ambaye kiuno kinamwangukia upande mmoja kila hatua, na hawezi kuinua mguu kwa upande akiwa amelala, anaweza kuwa na kano iliyokatika, huyo apelekwe mapema. Anza na idara ya fiziotherapia (tiba ya mazoezi) ya hospitali ya rufaa, Mbeya au Iringa, na ikibidi MRI na mpasuaji wa mifupa, rufaa yaweza kufika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Ukienda, chukua orodha ya dawa zote ulizotumia, tarehe za sindano zote, na eksirei za zamani. Mwambie mtaalamu kazi yako halisi, unabeba nini, unapanda wapi, unalala juu ya nini.

Kwa waliopona na wanaorudi shambani: mvua zinapokaribia, mwezi Oktoba, rudisha kuinuka kwenye kiti na tofali siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza ya kulima fanya nusu ya saa zako za kawaida, ongeza kidogo kila wiki, na lumbesa la viazi uligawe kabla ya kulinyanyua.